Mtoto akipoa siku ya pili: kwa nini vidonge vya malaria hubaki mkobani

Swali

Assalaam alaykum daktari, na shikamoo. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea katika shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, nina miaka 26. Spitali kipimo cha malaria ni bure, dawa ni bure, na kituo si mbali hivyo. Lakini mama wengi wa huku, mtoto akishikwa na homa humpa Panadol, mpaka siku ya tatu au ya nne ndipo wamlete. Na wakishapewa dawa, wengine hawaimalizi. Wiki hii nimemkuta mama mmoja ana vidonge viwili kwenye mkoba, vya mwanawe aliyepimwa akaonekana na malaria siku kumi na mbili nyuma. Kaniambia, "Alipoa siku ya pili, nimemuwekea akiumwa tena." Nimesema mpaka mdomo umekauka. Huu ni ujinga au ni ukaidi? Na huyu mama nimfanye nini?

Jibu

Waalaykum salaam, na marahaba mwanangu.

Nianze na hilo neno ujinga, maana ukienda nalo mlangoni kwa watu watalinusa kabla hujakaa kitako. Nimefanya uuguzi na ukunga hapa Pemba zaidi ya miaka thelathini, na mama walioikataa dawa ya malaria kwa kuichukia tu nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Waliobaki kila mmoja alikuwa na hesabu yake kichwani, na mara nyingi hesabu yenyewe ilikuwa sahihi kwa kadiri ya alichokiona kwa macho. Kazi yako ni kuijua hiyo hesabu kwanza.

Chukua hiyo Panadol. Wewe ulizaliwa klorokwini, dawa yetu ya malaria ya zamani, ikiwa mahututi. Mwaka 2001 ilipopimwa nguvu yake hapa Zanzibar, karibu wagonjwa sita katika kila kumi haikuwaponya. Wodi za watoto tulikuwa tunalaza wawili wawili kitanda kimoja, na mama zao chini. Septemba 2003 ikaanza kutolewa bure dawa ya mchanganyiko, atesuneti na amodiakwini, na mwaka 2006 vikafuata vyandarua vyenye dawa na kupiga dawa kuta za nyumba. Katika Wilaya ya Kaskazini A, Unguja, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kwa nusu kati ya mwaka 2002 na 2005, kabla hata vyandarua hivyo havijaenea. Uchunguzi wa majumbani wa mwaka 2007 na 2008 ukakuta kwamba hata mtu mmoja katika kila mia hafiki mwenye vimelea Zanzibar, na tangu hapo imekuwa hivyohivyo, ingawa zipo shehia zinazoumia kuliko nyingine na ipo miaka ugonjwa unapochupa.

Sasa kaa mahali pa mama mwenye watoto wanne leo. Mwaka mzima watoto wake wamepata homa labda mara kumi na tano. Mafua, kikohozi, tumbo, masikio, meno. Mara zote kumi na tano kawapa Panadol, mara zote wamepoa. Ndiyo uzoefu wake, na haukumdanganya. Halafu unakuja wewe na fulana yako unamwambia malaria inaua. Anakuitikia "ndiyo dada" kwa adabu, ukitoka anaendelea na alichokijua.

Na tuseme kweli, sisi wenyewe tulimchanganya. Enzi zangu za ujana tulihubiri kwamba kila homa ni malaria, mpe dawa upesi usingoje. Kipimo cha haraka hakikuwepo vijijini, na darubini ilikuwa huko mbali. Kilipokuja kipimo cha kidole tukageuza maneno, usimpe mtoto dawa ya malaria mpaka apimwe. Bibi yake alilishika la kwanza, yeye kalisikia nusu la pili, na katikati ya hayo mawili ndipo Panadol ilipojipatia kiti chake.

Kwa hiyo usigombane na Panadol. Mama aliyempa mwanawe Panadol usiku hakukosea, homa ikishuka mtoto atakunywa na kulala. Wewe mwambie hivi: "Panadol umefanya vyema kumpa. Inashusha joto, haijui joto limetoka wapi. Kesho asubuhi tukamtoboe kidole tujue." Ombi liwe hilo moja, kupimwa ndani ya siku moja tangu homa ianze. Kumeza dawa ya malaria ni jambo la baadaye, na kwa watoto wengi halitafika kabisa, kwa sababu kipimo kitasema hakuna. Ukimuahidi mama kwamba kila homa itakutwa malaria, mara ya tatu akirudi na majibu kwamba hakuna atakuona muongo. Ukimwambia tangu mwanzo kwamba mara nyingi itakuwa hakuna, kila "hakuna" inakutilia nguvu.

Atakuuliza, kama ni chache hivyo, haraka ya nini? Swali zuri, na jibu lake watu wengi hawalijui. Zamani mtoto wa Micheweni akifika miaka mitano alikuwa ameshaumwa malaria mara nyingi, mwili wake umeizoea na unapigana nayo. Watoto wa leo wengi hawajawahi kukutana nayo. Kwa hiyo ikiingia inamkuta mwenyeji asiye na silaha, na mimi nimeona mtoto aliyecheza asubuhi akaletwa usiku hajitambui. Hata mama mwenyewe, akiwa wa umri wako, si wa kujiamini kama bibi yake. Mama wa huku akiumwa hujilaza nyuma ya pazia mpaka watoto wale, wakoge, walale. Muulize na yeye kama mwili unamuwaka. Na ikiwa ni Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, dozi ya kwanza haisubiri futari.

Yapo maswali matatu ya kuuliza ukisikia homa, nayo yatakusaidia kujua nyumba ya kuikimbilia kwanza. Kuna mtu amerudi bara, au mgeni ametoka huko, katika wiki tatu nne hizi? Kuna aliyelala kambini, iwe dagoni kwa uvuvi au shambani kwa karafuu? Jirani kuna aliyekutwa na malaria karibuni? Malaria yetu ya siku hizi inasafiri. Inapanda boti Tanga na Dar es Salaam kama abiria mwingine, na mbu waliobaki wengi huuma nje, jioni, wakati watu wapo barazani na chandarua kipo ndani kimefungwa fundo. Mtoto mwenye homa ambaye baba yake karudi dagoni wiki iliyopita, huyo usimuache mpaka kesho.

Umesema kituo si mbali. Kwa miguu yako ya miaka 26 si mbali. Siku moja toka na mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, saa nne ya jua, uhesabu. Dawa ni bure lakini njia si bure, bodaboda wa kwenda na kurudi ni hela ya mchele wa siku, na msimu wa karafuu siku moja ya kutochuma ni pesa iliyoachwa juu ya mkarafuu. Zaidi ya hayo, mke mdogo nyumbani kwa mavyaa hatoki tu akaenda. Baba wa mtoto yupo dagoni, simu yake haishiki, na mavyaa anasema tungoje mpaka jioni. Wewe unamuona mama kachelewa siku tatu. Ukichimba utakuta mbili alikuwa anangoja ruhusa.

Hili lina dawa, na huwa nashangaa wahudumu wachache ndio wanaoitumia. Ruhusa iombwe mapema, mtoto akiwa mzima. Ukienda nyumba ambayo baba yupo, au mavyaa kakaa ukumbini anasuka ukili, sema nao wao. "Baba Fulani, siku mtoto akipata homa na wewe hupo, mama ana ruhusa yako ya kumpeleka spitali siku hiyohiyo?" Sijawahi kumuona mwanamme akajibu hapana mbele ya mama yake mzazi. Akishasema ndiyo, limesemwa, na mavyaa kalisikia kwa masikio yake. Kikongwe mmoja wa Wingwi alinitania kwamba nafunga ndoa ya pili humo ndani.

Kuhusu degedege nitasema kidogo ingawa hukuliuliza, kwa sababu ndipo tunapowapoteza watoto. Kwa wazee wengi degedege ni ugonjwa wake, wenye jina lake na waganga wake, na wapo wanaoamini kabisa kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa. Na wameona kwa macho watoto waliofia spitali baada ya sindano, kwa kuwa waliletwa wakati roho ishafika kooni. Usiingie kwenye ubishi wa shetani yupo au hayupo, hutoshinda wala hukutumwa. Sema mambo mawili tu. Mtoto anayetikisika hapewi kitu chochote kinywani, si kidonge, si maji, si kombe la dua, wala kijiko baina ya meno, kwa sababu kitamuingia pumzini. Alazwe ubavu na safari ya spitali ianze hapohapo, mwenye kusoma amsomee njiani. Kombe litamngoja akishaamka. Nimewahi kupanda gari moja na mwalimu wa madrasa aliyemsomea mtoto kutoka mlangoni kwao mpaka tunampokea wodini, na mtoto yule leo yupo skuli. Kila mtu anajua kwake kilichomponya, na hakuna aliyegombana na mwenzake.

Dalili nyingine za kutongoja hata dakika ni mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kulala usingizi usioamshika, na kupumua kwa tabu. Huyo vidonge havimfai tena, ni wa sindano ya atesuneti spitali kubwa.

Haya, tuje kwa mama wa mkobani.

Alipoa siku ya pili. Ni kweli alipoa, mwamini. Atesuneti ina kasi ambayo klorokwini haikuwa nayo. Kimelea cha malaria kinazunguka ndani ya damu kwa saa 48, kinaingia chembe ya damu, kinazaana, kinaipasua, wanaotoka wanatafuta chembe nyingine, na pale zinapopasuka ndipo mwili unawaka. Atesuneti kwa mzunguko mmoja inaweza kukata vimelea mara elfu kumi. Ukiondoa hivyo kwenye mabilioni, homa lazima ishuke. Lakini bado maelfu kwa maelfu wamebaki, wachache mno kuleta homa, wengi wa kutosha kuanza upya. Na atesuneti yenyewe haikai, baada ya saa chache imetoka mwilini. Ndiyo maana inarudiwa siku tatu, ili ipite mizunguko miwili, na ndiyo maana imefungwa pamoja na mwenzake amodiakwini, ambayo haina kasi lakini hukaa mwilini wiki kadhaa ikiokota waliobaki.

Sasa hayo yote usimwambie mama. Mimi huwaambia habari ya mpunga, maana hakuna mwanamke wa huku asiyewahi kuamia ndege. Atesuneti ni kijana mwenye teo, akiingia mpungani anapiga kelele, ndege wote wanaruka, shamba linanyamaza. Mwenye shamba mjinga ataona kazi imekwisha arudi nyumbani. Wewe unajua ndege wako wapi, wametua kwenye miembe pale pembeni wanakutazama. Amodiakwini ni yule mzee aliyekaa dunguni na kopo lake, hana mbio, lakini yupo kutwa. Ukimpa mtoto kidonge cha siku ya kwanza ukaacha, umemtimua ndege na mzee umemteremsha dunguni. Hapo mama hucheka, na akicheka limeingia.

Wapo pia wanaoacha kwa sababu iliyo kinyume chake, kwamba mtoto kazidi. Amodiakwini inachosha. Siku ya pili mtoto huwa kalegea, hataki kuchezewa, pengine kichefuchefu, na mama anaona dawa inamuua. Kama hakuambiwa kabla, ana haki ya kuogopa. Aambiwe tangu kituoni kwamba atalegea kidogo, na kwamba kulegea kunakoamshika na kunyonya hakuna neno, kulegea kusikoamshika ni kurudi mbio.

Halafu kuna uchungu wake. Kidonge hiki ni kichungu kweli, onja siku moja ujue unachowataka watoto wakifanye. Kinayeyuka kwenye maji, basi kiyeyushwe ndani ya kijiko kikubwa, maji kidogo, na sukari chembe kama ipo. Kosa ninaloliona sana ni kukiyeyusha kwenye kikombe kizima cha chai. Mtoto anakunywa mapigo matatu, anakataa, na nusu ya dawa inamwagwa uani kwa kuku. Kijiko kimoja, akimeza apewe titi au uji hapohapo. Akitapika kabla ya nusu saa, dozi hiyo imekwenda, anapaswa apewe nyingine. Na hapa kuna mtego. Pakiti ya mtoto ina vidonge vitatu kamili, kimoja kwa siku. Akitapika kimoja, viwili vilivyobaki havitoshi siku tatu, na mama anaona haya kurudi kituoni kuomba kingine, anahisi ataambiwa kaharibu mali ya serikali. Mwambie mapema: "Akitapika rudi, au nipigie mimi, hakuna atakayekusema." Na utimize ahadi, kaongee na wenzako wa dirisha la dawa wasimseme.

Kuna kisa changu ambacho sikupenda kukiandika. Miaka hiyo nilikuwa kituo kimoja cha afya, sitokitaja, nikampa mama mmoja dawa ya mwanawe, ASAQ hiihii, yaani atesuneti na amodiakwini, nikamwambia kwa haraka huku nimeshainamia kadi ya mwingine: "Kutwa mara moja, siku tatu." Bahasha niliandika moja na tatu kwa mkato wetu tuliouzoea. Jioni yake mdogo wake kaja mbio. Mtoto alikuwa kameza kidonge asubuhi kwangu, cha pili adhuhuri, na cha tatu mama alikuwa ameshakiyeyusha kijikoni ndipo yule mdogo mtu, aliyesoma, akamzuia. Mama alisikia "kutwa" na akasikia "tatu", na dawa zote alizowahi kupewa maisha yake zilikuwa kutwa mara tatu. Tulimlaza mtoto tukamtazama usiku kucha, alhamdulillah hakupata kitu. Daktari wetu alimuuliza mama kwa nini hakufuata maelekezo. Mimi nilikuwa nimesimama pale pembeni nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Tangu siku ile sisemi tena kutwa mara moja. Nasema: "Hiki umemeza leo, hapa, mbele yangu. Hiki ni cha kesho saa hizihizi. Hiki ni cha keshokutwa saa hizihizi." Nashika pakiti, nagusa kidonge kimojakimoja, kisha nampa pakiti yeye na namuomba anioneshe kana kwamba mimi ni mavyaa wake nimemuuliza amepewa nini. Akikosea, nimekosea mimi, naanza upya. Inachukua dakika mbili. Foleni inanung'unika, inung'unike.

Wewe si mtoaji dawa, hivyo kazi yako ni nyingine, na huenda ni kubwa kuliko yangu. Nenda siku ya pili. Umemkuta yule mama siku ya kumi na mbili, ulipofika yamekwisha. Siku ya kumfikia ni ileile ambayo mtoto kaamka kapoa na anafukuza kuku uani, kwa sababu saa hiyo ndipo mkono wa mama unapokwenda kwenye mkoba. Kubaliana na kituo wakwambie nani kapewa dawa leo, kesho pita. Usiulize "umempa?" maana atasema ndiyo, wewe ni mgeni na jibu la ndiyo ni adabu. Sema "nitazame pakiti". Vitundu viwili vitupu siku ya pili, mshukuru na uende zako.

Utapita nyumba ileile pengine na maofisa wa ufuatiliaji, kwa kuwa mgonjwa mmoja akikutwa kituo hutoa taarifa kwa simu, na watu wa wilaya huja kuwapima waliomo nyumbani. Hii inawaudhi wengi. Mtu mzima hana hata kikohozi, anatobolewa kidole, anaambiwa ana vimelea ameze dawa siku tatu. Nyumba inakuwa gumzo la kijiji. Mtangulie, waambie wanakuja na wanatafuta nini. Aliye na vimelea bila homa ndiye anayemlisha mbu, ni kama moto uliofukiwa majivu jikoni. Kwa ajili hiyohiyo tangu mwaka 2016 wagonjwa hupewa na dozi moja ya primakwini siku ya kwanza, ambayo haimponyi mwenyewe bali inafunga njia ya kimelea kwenda kwa mbu. Mjamzito hapewi, wala mtoto wa chini ya miezi sita, wala mama anayemnyonyesha mtoto wa umri huo. Akikuuliza kwa nini shoga yake kapewa na yeye hakupewa, sasa unalo la kumjibu.

Wajawazito. Aliyeolewa Tanga akija kuzalia kwao atakwambia kule kliniki walimpa SP, vidonge vya kukinga malaria, mbona huku hapewi? Kule malaria ni nyingi, wanakinga kwa dawa. Huku imepungua, mkazo ni kumpima anapokuja kliniki mara ya kwanza na alale ndani ya chandarua. Ndiyo sababu asingoje tumbo lionekane. Najua huku mimba changa haitajwi, watu wanaogopa husda, na mimi sitaki aitangaze sokoni. Lakini akiwa na homa akaenda kupimwa, amnong'oneze mtoa dawa kwamba ana mimba na ni ya miezi mingapi, kwa sababu dawa ya miezi mitatu ya mwanzo si lazima iwe hiyo ya watu wote. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2022 kwamba mseto wa atemetha na lumefantrini unafaa hata miezi hiyo. Kinachomdhuru mtoto tumboni ni malaria kuachwa, na mama wengi waliacha dawa wakidhani wanamuokoa.

Sasa huyo wako. Kwanza usimwambie ampe vile vidonge viwili leo. Havina kazi tena kwa ugonjwa ule, na siku mdogo wake akipata homa ndivyo atakavyopewa, nusu dozi bila kupimwa, na hapo tumekaribisha yaleyale yaliyoiua klorokwini. Muulize mtoto hali yake tangu siku ile. Hata kama yuko salama, nenda naye kituoni wiki hii, maana malaria iliyokatwa katikati hurudi kwa kawaida ndani ya wiki mbili mpaka nne, na wewe uko humo ndani. Akiwa na homa, ni leo, si wiki hii.

Mkifika, sema wewe kwa mdomo wako kwamba mtoto huyu alikutwa na malaria siku kumi na mbili nyuma na alimeza kidonge kimoja. Hili ni muhimu. Kipimo cha haraka kinatafuta protini inayoachwa na kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata vimelea vikishakufa. Kinaweza kuonesha mistari miwili kwa mtoto aliyepona. Mwenye kujua hilo atataka darubini kabla ya kuamua, na kituo kama hakina, atakupeleka penye nayo.

Vidonge vile avichukue mwenyewe, kwenye mkoba wake huohuo, avirudishe dirishani kwa mkono wake. Wewe usimtangulie ukaenda kumsemea. Na njiani, kabla hamjafika, msimulie kisa changu cha kutwa mara moja, umwambie kimetoka kwa muuguzi mwenyewe.